Mwokoaji Asiyelowa

Jumatatu, 9 Juni

Baridi ya kukata masikio. Mlima Meru hauonekani, umejifunika mawingu mpaka miguuni. Bwawani hakuna mtu, kuna jani moja la mti wa mgravilea. Nimelilinda tangu saa mbili asubuhi. Halijazama.

Saa nne Madam Evaresta, mwenye hoteli, akatuita sisi wafanyakazi wa nje. Ana habari njema. Kuna kampuni ya wazamiaji inataka kutumia bwawa letu. Mtalii akishaona tembo anakwenda baharini kuona samaki, na kabla hajaenda atafundishwa hapahapa Kisongo namna ya kupumua chini ya maji kwa mtungi. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote.

Kisha akasoma barua ya kampuni. Kila anayelinda bwawa lazima afaulu mtihani uleule wanaopewa watu wanaosomea kazi ya uzamiaji. Kuogelea mita mia mbili bila kusimama. Kuelea dakika kumi. Kumvuta mtu aliyezirai mita hamsini. Kuokota sanamu ya mazoezi chini, upande wa kina kirefu. Kumrudishia mtu pumzi. Mtihani Jumamosi ya tarehe 21. Atakayefaulu, kiti na filimbi ni vyake. Mimi nisipofaulu, narudi getini.

Niliacha kupiga makofi.

Daftari langu, wewe unakuwa wa tatu kujua, baada ya Mungu na mke wangu Simaloi. Sijui kuogelea! Miaka sita nakaa kwenye kile kiti chekundu kirefu. Nina kofia. Nina filimbi. Kifuani nimeandikwa MWOKOAJI. Na maji yaliyowahi kunipita magoti ni ya mafuriko, tena nilikuwa juu ya punda.

Sikumdanganya mtu. Madam aliniuliza kama naweza kuangalia watu. Nikamjibu kwamba nimechunga ng'ombe wa baba yangu tangu nina miaka saba na sikupoteza hata mmoja kwa uzembe. Kwetu ng'ombe hawahesabiwi kwa namba, ni mkosi. Unawatazama tu. Akikosekana mmoja unaliona pengo lake kama la jino lililong'oka. Na waogeleaji ni hivyohivyo. Yule kipara. Yule wa kofia ya njano. Wale mapacha. Wameingia, wametoka, basi. Madam akafurahi, akanipa filimbi. Kuhusu kuogelea hakuuliza. Mtu asipoulizwa akanyamaza, ni dhambi? Nitaliombea.

Filimbi naipuliza vizuri sana. Mara arobaini kwa siku. Kwa tumbili wanaoiba mkate, kwa mhudumu anayepita na viatu, kwa mbwa wa jirani. Miaka sita hajafa mtu.

Lakini geti! Geti ni zamu ya usiku. Nililifanya miaka tisa. Nikirudi asubuhi Simaloi ameshakwenda shamba, akirudi jioni mimi nimeshaondoka. Tulikuwa tunaonana kanisani Jumapili, tena yeye yuko upande wa akina mama. Sasa ana presha. Hapendi kulala peke yake nyumbani, hata kama hasemi.

Na Abdiel wa bustani alikuwa anatabasamu. Ni mtu wa Machame, amekulia kwenye mifereji ya migomba, anaogelea kama chura. Anakitazama kiti changu kama fisi anavyotazama zizi.

Jumanne, 10 Juni

Nimesoma ile karatasi ya viwango mara nne. Sielewi. Mzamiaji kazi yake ni kuzama. Kwa nini anapimwa kuelea? Ni kama kumpima mchimba kisima kwa kupanda miti. Na kama ana mtungi wa hewa mgongoni, hizo pumzi za kumrudishia mwenzake za nini, si kila mtu ana zake?

Mchana nikapata wazo! Barua ya mchungaji. Nikaenda kwa Mchungaji Efraimu, mimi nikiwa mzee wa kanisa wa miaka kumi na mmoja, nikamwomba aandike kwamba Parsimei amekwisha kupita katika maji. Akaniuliza maji gani. Nikasema ya ubatizo. Akafungua daftari kubwa. Nilibatizwa nikiwa na wiki sita, kwa bakuli.

Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akasema anaweza kuniandikia barua moja tu ya kweli, kwamba mimi ni mtu mwaminifu asiyeficha jambo. Akanitazama juu ya miwani. Akaniuliza kama naitaka hiyo.

Nikamwambia asijisumbue.

Alhamisi, 12 Juni

Mwalimu amefika. Nilitegemea mwanaume mwenye kifua. Ni binti! Anaitwa Agnela, amezaliwa Mwanza, ziwani, na kazi yake ni kufundisha wazamiaji. Ana sauti ndogo. Akaniamkia shikamoo baba kwa heshima zote, nikampenda palepale. Dakika tano baadaye akatuambia tuingie majini.

Mpango wangu nilikuwa nao tayari. Upande wa watoto maji yananifika kiunoni. Nikainama mpaka kidevuni, mikono nikawa naitupa mbele moja baada ya nyingine kama nilivyoona wageni wakifanya miaka sita, na miguu ikatembea chini. Upana wa bwawa nikaumaliza vizuri! Nikageuka. Nikaumaliza tena! Agnela akasema mikono ya baba ni mizuri. Nikaona hata aibu, kwa jinsi ilivyokuwa rahisi.

Abdiel akapaza sauti kutoka kwenye maua. Akauliza mbona mzee anaogelea huku anaacha nyayo.

Wote wakacheka. Nikasema hizo nyayo ni za mtu mwingine. Agnela hakucheka. Akaniuliza polepole, peke yangu, upande wa mita tatu nitatembea wapi. Nikamjibu kwamba Mungu atafungua njia, alishafanya hivyo zamani kwa watu wengi zaidi. Akasema sawa baba, ila mtihani ni kwa mtu mmojammoja.

Pia alitufundisha jambo la ajabu. Usivute pumzi harakaharaka mara nyingi kabla ya kupiga mbizi. Unaudanganya mwili, unasahau kudai hewa, unalala chini huko kimyakimya bila kurusha hata mkono. Nimechanganyikiwa kabisa. Nilidhani mtu anakufa kwa kukosa pumzi, kumbe hata ukijaza nyingi mno! Abdiel akanong'ona kwamba hizo ni hadithi za vitabuni, wao kwenye mfereji walikuwa wakivuta ishirini na kushuka.

Nimepata mafua.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya ibada nimefanya mazoezi nyumbani. Nililala kifudifudi kwenye benchi la sebuleni, mikono na miguu nje, nikaogelea. Simaloi alikuwa anasonga ugali. Nilimwomba anihesabie.

Akahesabu mpaka thelathini, akachoka. Baadaye akauliza Baba Lucky, umefika wapi. Nikamwambia nimekaribia Unguja. Akasema basi rudi na samaki, mboga imeisha.

Benchi likavunjika nikiwa mita ya mia moja na tisini! Kumi tu zilibaki!

Simaloi alinikanda goti kwa maji ya moto. Akaniambia nikamweleze Madam ukweli, kinywa kwa kinywa, kabla ya Jumamosi. Akasema Madam ni mtu, ataelewa, hata kazi ya jikoni ipo. Nikamwambia kuna mambo mwanamke haelewi. Akaniuliza mangapi, na kama kuogelea ni mojawapo, maana yeye kwao kulikuwa na mto.

Miaka ishirini na sita ya ndoa. Sikujua kama mke wangu anajua kuogelea!

Jumanne, 17 Juni

MUNGU NI MWEMA! Nimepata!

Nilikuwa narudi nyumbani jioni nikapitia njia ya chini, kwenye josho la kijiji. Nikasimama kama niliyepigwa radi. Ng'ombe! Josho ni mfereji wa saruji uliojaa maji, mrefu kama hatua kumi na tano, mwembamba, wanapita mmoja mmoja. Ng'ombe anaruka, anazama mpaka pembe, anaibuka, anaogelea, anapanda ngazi upande wa pili, anajikung'uta. Nani alimfundisha? Hakwenda kozi. Hakusoma karatasi ya viwango. Ni yale maji membamba yanamlazimisha aende mbele! Nimewasukuma ng'ombe humo tangu utoto na sikuwahi kujifunza kitu kwao. Kiburi cha binadamu.

Nikamtafuta Sakaya anayetunza josho. Ni rika langu, tulitahiriwa msimu mmoja, hawezi kuninyima. Nikamweleza. Akaniuliza kama nyumbani ni wazima.

Akasema maji yamebadilishwa, ni masafi kabisa, leo ng'ombe wanaoshwa tope tu, na bwana mifugo anakuja kuweka dawa ya kupe Alhamisi, kwa hakika. Yeye mwenyewe alikuwa anaondoka kwenda msibani Elerai. Nikamwambia basi nitawahi kesho Jumatano alfajiri. Akaniomba kitu kimoja tu, nisiseme kwamba yeye ndiye aliyeniruhusu.

Jumatano, 18 Juni

Nimeogelea!

Nilifika kukiwa kumepambazuka. Ukungu. Nikavua, nikabaki na bukta, nikaomba, nikaruka kama dume la ng'ombe.

Nilizama mpaka pembe. Sina pembe, lakini mpaka hapo. Nikaibuka! Mfereji ni mwembamba hata viwiko vinagusa ukuta kulia na kushoto, basi nikawa najisukuma kwa viwiko, shingo juu, mdomo nimeufunga, nakoroma puani. Nikafika ngazi. Nikatoka. Nikajikung'uta! Nikarudi kuruka tena. Mara kumi na nane! Kama josho lina mita kumi na mbili, basi nimeshapita mia mbili, na chenji imebaki.

Maji yalikuwa meupemeupe kama ya kuoshea mtungi wa maziwa. Nilidhani ni chokaa ya ukuta. Harufu sikusikia, nina mafua.

Abdiel, kaa mbali na kiti changu.

Alhamisi, 19 Juni

Nawashwa.

Nawashwa mgongo, nawashwa kope, nawashwa mahali ambapo hata wewe daftari sikuambii. Nimekuwa mwekundu kama ngozi ya chui aliyenyolewa. Jana usiku Simaloi alihamia kitanda alichokiacha mwanetu Lucky.

Asubuhi Sakaya amenipigia simu. Sauti ndogo. Bwana mifugo ana safari ya Dodoma, alipitia mapema, aliweka dawa Jumanne jioni wakati yeye Sakaya yuko msibani. Dawa mpya. Kali. Akaniuliza kama bado naona.

Muuguzi wa zahanati aliniosha kwa sabuni na maji mengi. Akaandika kwenye kadi. Nikamwomba asiandike sababu. Akasema lazima aandike, na kwamba ameandika mambo mengi kwa miaka yake yote ya kazi ila hili anataka kulisoma vizuri kwanza. Akaniuliza kama nilimeza. Nikasema hapana. Akasema nimshukuru Mungu kwa kufunga mdomo. Nimeshukuru.

Kazini inzi hawanisogelei. Siafu waliokuwa chini ya kiti wamehama wote. Paka wa jikoni alininusa akapiga chafya, akaenda. Abdiel aliuliza mbele ya watu ni marashi gani haya, anataka kumpulizia ndama wake.

Sijali. Mwili umekwisha kujua kuogelea. Kilichobaki ni ukuta wa kugusa kwa viwiko.

Jumamosi, 21 Juni

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Tulikuwa wanane. Mimi na Abdiel, na sita kutoka hoteli nyingine za mjini na Usa River. Nilitazama bwawa. Pana! Kuta ziko mbali, moja huku, nyingine kama iko Uganda. Viwiko vyangu vitagusa nini?

Nikaomba nifungue kwa sala, kama mzee. Niliomba dakika kumi na moja. Agnela akasema amina katikati mara mbili. Kisha akaliita jina langu kabla ya mengine. Nikasema hapana, wageni watangulie, kwetu mwenyeji hali kabla ya wageni wala haogelei kabla yao. Wakatangulia. Akaniita tena. Nikasema bado Abdiel, ni mdogo wangu, asije akapata baridi kwa kusubiri. Abdiel akaogelea mita mia mbili kama anayekwenda dukani.

Kwenye kuokoa akahitajika mtu wa kuigiza aliyezirai. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza! Nilizirai mara saba. Nilifumba macho nikajikabidhi kwa Mungu na kwa kijana mmoja wa Njiro. Wakanivuta huku na huku kwa kidevu. Agnela akasema tangu aanze kufundisha hajaona majeruhi aliyelegea vizuri hivi. Mmoja wao akauliza mbona mzee ananuka zizi.

Saa sita ikawa mapumziko ya chai. Agnela akasema kwa upole kwamba wote wamemaliza isipokuwa baba Parsimei. Baada ya chai, baba. Mita mia mbili.

Chai nikaiacha mezani. Nikapanda kwenye kiti changu, nikidhani ni mara ya mwisho. Nikafikiria geti. Nikamfikiria Simaloi peke yake usiku na taa. Nikamwomba Mungu anipe kizuizi. Sikutaja kizuizi gani. Hilo linanitesa mpaka sasa.

Halafu macho yakafanya kazi yao yenyewe. Niliwatazama watu pale mezani kama nilivyowatazama asubuhi nzima. Yule wa kofia ya zambarau, yupo. Yule mrefu, yupo. Wale wawili wanaocheka, wapo. Madam Evaresta na Agnela, wanasaini karatasi. Na hapo kando ya sahani ya maandazi, pengo.

Pengo la bukta ya bluu.

Taulo la Abdiel lilikuwa ukingoni, limekunjwa. Nikatazama maji. Yametulia. Chini kabisa, upande wa mita tatu, ile sanamu ya mtihani, na juu yake kitu cha bluu kisichotikisika. Asubuhi alikuwa amejisifu kwamba anaweza kuigusa mara mbili kwa pumzi moja. Kumbe alivuta zile pumzi zake ishirini akashuka kuthibitisha, watu wakiwa kwenye chai.

Nikapuliza filimbi kwa nguvu zangu zote! Madam bila kugeuka akasema Baba Lucky, leo waache hao tumbili. Nikapuliza tena! Mtu akasema mzee anapasha misuli moto. Sauti ikanigoma. Miaka sita, mara arobaini kwa siku, na siku ya kweli hakuna aliyegeuka!

Sikumbuki kushuka kitini. Nakumbuka niliruka kama ng'ombe wa josho, shingo juu. Na shingo haikubaki juu.

Nilikwenda chini moja kwa moja, kama jiwe la kusagia. Nikamwangukia. Nikamshika bukta nikamng'ang'ania, si kwa ujuzi, sikuwa na kingine cha kushika. Masikio yakalia. Nikasema moyoni Bwana, nilisema kizuizi, sikusema hiki.

Kisha mkono mdogo wenye nguvu kama wa mkamua ng'ombe ukanivuta kwa kola. Agnela alisikia nilivyoangukia maji. Alisema baadaye ilikuwa kama gunia la mbegu limetupwa kutoka kwenye lori. Alitutoa wote wawili, mimi nikiwa bado nimeshika bukta.

Abdiel midomo ilikuwa ya bluu. Agnela akamlaza kichwa nyuma, akambana pua, akampulizia. Moja. Mbili. Bustani yote kimya, hata tumbili. Tatu. Nne. Nikawa nalia na kutapika maji kwa pamoja. Ya tano Abdiel akakohoa. Ndipo nikaelewa hizo pumzi za kurudisha ni za nini.

Alipofumbua macho alinitazama mimi. Akaniuliza kwa sauti ya chini nimeipeleka wapi bukta yake.

Jumapili, 22 Juni

Hospitali wamemruhusu Abdiel. Jioni amekuja nyumbani na mke wake, Joyce, na mkungu wa ndizi. Joyce alipiga magoti pale mlangoni. Nikamwinua haraka. Simaloi akalia, Joyce akalia, mimi nikasema ni moshi wa jikoni.

Abdiel kwa mara ya kwanza ameniita baba, si mzee. Nikaona nimwambie. Nikamwambia Abdiel mwanangu, mimi sijui kuogelea. Akasema anajua. Amejua tangu mwaka wa kwanza. Mtu anayejua maji, alisema, hakimbii mpira wa kumwagilia bustani. Nikamuuliza kwa nini hakusema kwa Madam. Akashangaa. Akasema angesemaje, na mama Lucky ana presha, na geti ni usiku?

Miaka sita namwita fisi! Nimetubu. Nimetubu tena wakati wa kula, ndizi zilikuwa tamu.

Jumatatu, 23 Juni

Madam Evaresta ameniita ofisini. Agnela alikuwepo. Nikavua kofia.

Agnela akasoma. Kuogelea, sifuri. Kuelea, sifuri. Kuzama, akasema hicho hakimo kwenye viwango. Kuangalia watu, hajawahi kuona mfano wangu. Wao wanahesabu vichwa kwa namba na bado wanakosea, na mimi niliona mtu hayupo kwa kutazama sahani ya maandazi. Hivyo ameiandikia kampuni wakubali watu wawili bwawani. Abdiel wa kuingia majini, mimi wa kuona. Kiti changu! Mchana! Kwa miezi mitatu ya majaribio.

Masharti mawili. Filimbi nipulize kwa ajili ya mtu tu. Na kila Jumamosi nijifunze kuogelea upande wa watoto, pamoja na wanafunzi wa darasa la pili, kisha nirudie mtihani. Nikikosa somo hata moja, geti.

Nikasema ndiyo kwa kila kitu. Nililia tena. Ofisini hakuna moshi, nikasema ni mafua.

Simaloi amenipikia loshoro ya mahindi na maziwa mgando. Amerudi kitanda chetu, ingawa amefungua dirisha.

Jumatatu, 30 Juni

Daftari langu, kaa vizuri. Nina jambo kubwa.

Leo kampuni wameleta vifaa. Mitungi, miwani, viatu vya bata. Na mikanda mizito ajabu. Nikamuuliza Agnela ya nini. Akasema ni ya risasi, madini yale mazito. Mzamiaji anaivaa kiunoni kwa sababu bila hiyo mwili unaelea, hauendi chini.

Nilikaa chini nikafikiri mpaka tumbili wakaniibia chapati. Sikupuliza.

Wao wanahitaji risasi ili wazame! Mimi nilifika mita tatu bila kitu, kwa bukta tu, haraka kuliko wote waliokuwepo! Kumbe si udhaifu. Ni kipaji! Miaka yote nimejaribu kukaa juu ya maji na Mungu aliniumba wa chini. Na hewa wanakupa, imo mgongoni! Mtu wa chini ya maji, kuelea kwa nini?

Nimechukua fomu ya kusomea kazi ya uzamiaji. Nimeijaza. Jina, umri, dhehebu, ingawa dhehebu hawakuuliza. Kwenye uzoefu nimeandika nimewahi kuzama, nina mashahidi wanane. Sijamwambia Simaloi. Kuna mambo mwanamke haelewi.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwa wale watoto wa darasa la pili. Wanapuliza mapovu. Kasichana kamoja kalinishika mkono kakaniambia usiogope babu. Mimi! Jumamosi hii siendi. Nimemwagiza Abdiel aseme goti linauma. Agnela alisema nikikosa narudi getini, lakini mzamiaji na geti wapi na wapi?

Jambo moja tu. Jioni hii nimegeuza fomu nikaona kumbe ina ukurasa wa pili. Mstari wa kwanza wa masharti: mwombaji aogelee mita mia mbili bila kusimama. Nimeusoma mara nne. Sielewi. Watu hawa na kuelea kwao!

Lakini sijakata tamaa. Mwili unajua, ulishafanya mara kumi na nane, kosa lilikuwa ni dawa tu. Nimempigia Sakaya. Amesema josho wamelisafisha wiki iliyopita, maji mapya, meupe pee. Dawa inawekwa Alhamisi. Safari hii bwana mifugo ameahidi kabisa.

Nitawahi Jumatano alfajiri.